Fonti ya Kitajiri

Mteja anayeitaka fonti hii kwa kawaida hajui jina lake. Atasema, "Kaka, niwekee yale maandishi ya kitajiri," kisha atafungua simu akuonyeshe chupa ya manukato, jalada la jarida la mitindo, au kadi ya harusi ya binamu yake iliyopigwa dhahabu. Ukitazama, ni ile ile: nguzo za wima nene na nyeusi tii, viungo vyembamba kama unywele, na mwisho wa kila mstari serifu, yaani kijimguu cha herufi, iliyolala bapa, imekatwa kwa pembe mraba, haijipindi hata kidogo kuungana na nguzo yake. Sisi tunaoshinda mbele ya kompyuta twaijua. Ni Bodoni, au Didot, au mmojawapo wa wajukuu wao.

Nimeipanga kwenye kadi, menyu, majalada ya vitabu na vibao vya saluni, na bado naipenda. Ninachokiona ni kwamba inaonewa na pande zote mbili. Wanaoihusudu huibandika popote, hadi kwenye maelezo ya kutumia dawa. Wanaoichukia husema ni pambo tu, haisomeki. Na wote hao wanaizungumzia Bodoni moja, ilhali fundi mwenyewe aliyeipa jina alizichonga nyingi.

Giambattista Bodoni alizaliwa mwaka 1740 huko Saluzzo, kaskazini-magharibi mwa Italia, mtoto wa mpiga chapa. Ujanani alikwenda Roma akaajiriwa katika kiwanda cha uchapaji cha Propaganda Fide, ile idara ya Kanisa Katoliki iliyosimamia kazi za wamisionari. Pale palichapwa vitabu vya dini kwa lugha na hati za mataifa ya mbali, na hapo ndipo alipozoea kushika herufi ambazo jirani zake wa Saluzzo hawangezitambua. Mwaka 1768 akaitwa Parma kuendesha kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa mji ule. Parma ilikuwa dola ndogo yenye mtawala aliyependa kuonekana mkubwa, na mpiga chapa mwenye jicho kali ni njia nzuri ya kuonekana hivyo. Bodoni hakuondoka tena. Alifariki huko mwaka 1813.

Mwanzoni hakuwa na herufi zake. Alinunua za Fournier, fundi wa Paris, na hata zile alizoanza kuchonga mwenyewe zilifuata nyayo hizo. Ila miaka ilivyokwenda alizidi kupunguza. Akaondoa mpindo unaounganisha serifu na nguzo. Akausimamisha mhimili wa o na e, yaani mwelekeo wa unene wake, ambao tangu zamani ulikuwa umeinama kidogo, ukawa wima kabisa. Kinene akakinenepesha, chembamba akakikondesha. Huko Paris, Firmin Didot alikuwa anaelekea upande huo huo, na herufi zake za miaka ya 1780 tayari zina zile serifu bapa. Nani alimwiga nani ni ubishi wa zaidi ya miaka 200, mimi siuingii. Kwa jicho langu Didot ni baridi zaidi: kila unywele una kipimo kimoja, kila kona ni kali. Bodoni ina joto kidogo. Ikuze mpaka ijaze kioo utaona serifu nyingine zina mbonyeo mdogo, na kwamba mkono ulipita pale, si rula peke yake.

Wembamba huo ulikuwa na chanzo chake. Herufi za mwanzo za chapa za Ulaya zilifuata kalamu ya ncha pana, ambayo unene wake unatokana na upande unaouelekeza. Pwani yetu inaijua kalamu ya namna hiyo: waandishi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, waliandika kwa kalamu ya mwanzi iliyokatwa bapa, na katika misahafu yao ya karne ya 18 na 19 nene na nyembamba zinapishana kwa mgeuko wa mkono tu. Bodoni anatoka ukoo mwingine wa kalamu, ile ya ncha kali inayonyumbulika. Ukiikandamiza, inajipanua na kuacha mstari mnene. Ukiiachia, inarudi kuwa unywele. Walimu wa mwandiko wa karne ya 18 walichonga miandiko yao ya namna hiyo kwenye mabamba ya shaba, na bamba la shaba hubeba mstari mwembamba ambao herufi ya chapa, iliyomiminwa kwa risasi, haikuweza kuubeba. Nadhani wapiga chapa waliona wivu.

Kabla herufi za risasi hazijafikia wembamba huo, ilibidi karatasi ibadilike. Aliyeanza ni John Baskerville wa Birmingham, Uingereza. Baskerville alitaka wino mweusi kuliko wa wenzake, karatasi laini isiyo na ile michirizi ya waya, na kila kurasa ikitoka mashineni aliipiga pasi kwa sahani za shaba zilizopashwa moto. Kitabu chake cha kwanza, mashairi ya Virgil, mshairi wa Roma ya kale, kilitoka mwaka 1757, na sehemu ya kurasa zake zilikuwa za karatasi hiyo mpya. Herufi zake zilikuwa na tofauti ya nene na nyembamba kubwa kuliko ilivyozoeleka, ingawa kwa macho yetu ya leo ni za kawaida kabisa. Wakosoaji wakapiga kelele kwamba zinaumiza macho.

Hapo ndipo anapoingia Benjamin Franklin, Mmarekani ambaye kabla ya siasa alikuwa mpiga chapa. Katika barua aliyomwandikia Baskerville mwaka 1760 anasimulia juu ya bwana mmoja aliyedai kuwa herufi hizo zitawapofusha wasomaji wa taifa zima kwa wembamba wa mistari yake. Franklin akaingia chumba cha ndani, akachukua karatasi ya mifano ya herufi za Caslon, fundi mwingine wa Uingereza, ambazo bwana yule alikuwa amezisoma maisha yake yote bila shida, akachana sehemu yenye jina, akamletea kana kwamba ni za Baskerville, na kumwomba aonyeshe kasoro. Bwana akazionyesha, moja baada ya nyingine, na akalalamika kuwa macho yameanza kumuuma. Franklin hakumwambia ukweli, kwa kumwonea haya. Kila ninaposikia mtu akisema fonti fulani "haisomeki" bila kusema imechapwa saizi gani, juu ya nini, na kwa mashine gani, namkumbuka bwana yule.

Maana yote yako kwenye saizi. Enzi za Bodoni, herufi ilizaliwa hivi: fundi anachukua kijiti cha chuma cha pua, anachonga herufi kinyume kwenye ncha yake, anakipiga kwa nyundo kwenye kipande cha shaba mpaka kiache shimo la umbo lile, kisha shaba hiyo inakuwa kalibu ya kumiminia risasi iliyoyeyushwa. Kijiti kimoja, herufi moja, saizi moja. Ukitaka a kubwa zaidi, unachonga a nyingine. Na kwa kuwa unaichonga upya, unaifikiria upya: katika saizi ndogo unaacha unywele uwe mnene kidogo, unaipanua herufi, unaiachia nafasi ipumue, katika saizi kubwa unakondesha mpaka mkono utetemeke. Saizi zilikuwa na majina, si namba. Ndogo kabisa ya Bodoni iliitwa Parmigianina, kubwa kabisa Papale, ya kipapa. Katikati kuna Filosofia, Lettura, Ducale, Imperiale. Kitabu kikubwa cha mifano yake, Manuale Tipografico, kilitolewa mwaka 1818, miaka mitano baada ya kifo chake, kwa juhudi za mjane wake Margherita Dall'Aglio. Ni juzuu mbili, na ndani mna zaidi ya seti 100 za herufi za Kilatini, zilizosimama na wenzake walioinama, zikitofautiana kwa ukubwa, upana na uzito, wakati mwingine kwa kiasi ambacho lazima uvae miwani ukione. Jumba la makumbusho la Parma linalobeba jina lake limehifadhi zaidi ya vijiti 20,000 vya chuma alivyoviacha.

Stendhal, mwandishi wa Kifaransa, alimtembelea na kuonyeshwa vitabu. Bodoni akamuuliza ni kipi kimempendeza zaidi. Mgeni akajibu kuwa vyote vinapendeza sawa. Mzee akashangaa: kwani haoni ukurasa wa jina wa Boileau? Stendhal akakodoa macho, hakuona cha ajabu, mpaka akaelezwa kuwa jina lote la mshairi limekaa kwenye mstari mmoja wa herufi kubwa, na kwamba kuipata herufi ya kufanya hivyo kulimchukua Bodoni miezi sita. Stendhal alilisimulia kama kichekesho. Mimi nililisoma nikaona ni kisa cha kawaida cha kazini.

Kwa hiyo "Bodoni" haikuwa fonti. Ilikuwa ukoo mzima wa herufi, na kila mtoto alikuwa na ukubwa wake wa kuishi. Kilichotokea baadaye ni kwamba tulichukua mtoto mmoja tukamnyoosha. Kampuni ya Marekani ya kutengeneza herufi, ATF, ilipoifufua Bodoni kuanzia mwaka 1909 kwa mkono wa Morris Fuller Benton, bado ilikuwa enzi ya risasi, na saizi zilirekebishwa. Ilipokuja mitambo ya kupanga herufi kwa picha, ikawa filamu moja tu ikikuzwa na kupunguzwa kwa lenzi. Kompyuta nazo zikarithi tabia hiyo. Unachagua Bodoni kwenye orodha, unaandika 9 au unaandika 90, mchoro ni ule ule. Kama ulichorwa kwa ajili ya 90, kwenye 9 unywele unakufa. Kama ulichorwa kwa ajili ya 9, kwenye 90 unaonekana mzito, umevaa viatu vya shamba harusini.

Wapo walioliona hilo wakarudi nyuma. Mwaka 1992 jarida la Harper's Bazaar lilipokuwa linabadilishwa sura na mbunifu Fabien Baron, mchoraji fonti Jonathan Hoefler alilichorea Didot mpya yenye michoro saba kwa saizi saba, kuanzia 6 hadi 96, ili unywele ubaki unywele kila mahali. Miaka miwili baadaye kampuni ya fonti ya ITC ilitoa Bodoni iliyotokana na wachoraji kwenda Parma kuvitazama vile vijiti vyenyewe. Ikaja katika michoro mitatu, wa saizi 6, wa 12 na wa 72. Mchoraji fonti Zuzana Licko naye akachora Bodoni yake aliyoiita Filosofia mwaka 1996, mmoja wa matini na mmoja wa vichwa. Hao hawakuwa wanadeka. Walikuwa wanarudisha kilichopotea.

Na kwa nini iwe ya kitajiri? Sehemu ya jibu ni ya kihistoria tu: kwa miaka mingi kuchapa hivi kulihitaji karatasi ghali, wino ghali na pambizo pana, na anayeweza kuacha nusu ya ukurasa wazi ana karatasi ya kuchezea. Vitabu vya Bodoni vilikuwa vya watawala na wakusanyaji. Sehemu nyingine waliitia majarida ya mitindo. Mbunifu wa kurasa Alexey Brodovitch aliitumia Didot kwenye Harper's Bazaar katikati ya karne ya 20, ikikaa pembeni ya picha kubwa na weupe mwingi. Jina la jarida la Vogue limeandikwa kwa herufi za aina hiyo tangu miaka ya 1950. Baada ya hapo kila muuza mkoba na manukato akajua avae nini. Zara walipobadilisha nembo mwaka 2019 walizibananisha herufi hizi mpaka zikapandana, watu wakacheka mitandaoni, na Zara wakaendelea kuuza nguo.

Utajiri huo si asili yake yote, lakini. London mwanzoni mwa karne ya 19 walichukua muundo huu huu wakaunenepesha mpaka nguzo zikawa mapipa, wakautumia kwenye mabango ya bahati nasibu. Ile Bodoni nene ya mabango, ambayo unywele wake umebanwa katikati ya weusi, naipenda kuliko ya manukato. Ina utani ndani yake.

Sasa nije kwenye lugha yetu, kwa sababu hapa sijawahi kuona mtu akipasema. Kiswahili kina bahati moja kubwa: hakina alama juu wala chini ya herufi, kwa hiyo hata fonti ya bure iliyoachwa nusu ina kila tunachohitaji. Ila viambishi vyetu hurundika m, n, u na i. Andika "uaminifu", "mnunuzi", "ninaumia", "mwanamume" kwa Bodoni ya saizi ndogo kisha rudi nyuma hatua mbili. Viungo vyembamba vimetoweka, zimebaki nguzo zilizopangwa kwa umbali mmoja, na jicho halijui m inaishia wapi na i inaanzia wapi. Tatizo hili lipo hata kwa lugha za Ulaya, lakini sisi tunalikuta kila mstari.

Halafu kuna k na w. Kiitaliano hakina haja nazo, isipokuwa kwa maneno ya wageni. Bodoni alikuwa nazo, maana alichapa hata vitabu vya Kiingereza vilivyoagizwa na muuza vitabu wa London, lakini katika nakala nyingi za kisasa utahisi kuwa aliyezichora alizifikia jioni, amechoka. Kwetu ndizo chumvi ya kila sentensi: kwa, kuwa, kwake, wakawa. Mkono wa juu wa k ni unywele mtupu. Ukipotea, "kwa" inabaki nguzo, mguu na w iliyokosa nusu ya miguu yake. Ninapojaribu fonti mpya ya aina hii siandiki ile sentensi ya Kiingereza ya kupimia fonti, yenye mbweha na mbwa. Naandika "kwa kuwa wakawa", saizi 10, nachapa, natazama. Nyingi huishia hapo.

Herufi kubwa ni habari nyingine kabisa. KARIBU kwa Bodoni ni neno zuri mno: mkono wa K ukipaa, tumbo la R, matumbo mawili ya B yasiyolingana. Herufi kubwa hazibanani kama ndogo, zinakubali kuachiwa nafasi, na hazina lile tatizo la nguzo. Tarakimu nazo, hasa 2, 3 na 5 zenye vile vidonge vyeusi mwishoni, ni sababu tosha ya kuandika tarehe kubwa kuliko jina la ukumbi. Na kile kibainishi cha ng', ambacho wengi wetu tunakiandika kwa kijistari kilichosimama wima tu, Bodoni inacho chake, kidonge chenye mkia. Kitumie. Ng'ambo yenye kidonge na ng'ambo yenye msumari si neno moja kwa jicho.

Kuna kiishara kimoja kinachonichekesha, kile cha & kwenye kadi za harusi. Kiswahili kina "na", herufi mbili, na hakuna anayezungumza akatamka &. Lakini ile iliyoinama ya Bodoni imejikunja vizuri kiasi kwamba kamati nzima ya harusi itakubali majina ya maharusi yapungue saizi ili yenyewe ikae katikati. Nimeacha kubishana.

Kwenye mashine, mambo ni ya kikatili zaidi. Karatasi ya gazeti inakunywa wino, unywele unavimba, na Bodoni inapoteza kilichoifanya iwe Bodoni. Maandishi meupe juu ya weusi ni mabaya kuliko hayo: wino unavamia mstari mwembamba kutoka pande mbili na kuuziba. Ukitaka rangi inayopatikana kwa kuchanganya rangi nne, pleti, yaani mabamba ya kuchapia kila rangi, zikisogea kidogo tu, unywele mmoja unakuwa nywele nne za rangi tofauti; chagua rangi moja iliyo kamili, au baki na nyeusi. Foili ya dhahabu hukatika pale penye wembamba kupita kiasi, na fundi atakuambia karatasi ndiyo mbaya. Kwenye kitambaa usijaribu kabisa. Si bahati mbaya kwamba jina la kanga kwa kawaida huandikwa kwa herufi kubwa nene zisizo na mbwembwe: rangi inasambaa kwenye pamba, na ujumbe lazima ufike kwa jirani aliye upande wa pili wa ua.

Simu zimesaidia. Skrini za zamani zilikuwa na nukta kubwa kuliko unywele wenyewe, kwa hiyo mstari ukageuka kijivu cha ukungu. Skrini za sasa zina nukta za kutosha. Lakini msomaji wetu anasoma akiwa kituoni, jua la saa saba, mwanga wa simu ameupunguza kulinda chaji. Hapo unywele haupo, hata simu iwe ya bei gani.

Kwa anayetafuta pa kuanzia bila kununua, Bodoni Moda ni ya bure na ina mhimili wa saizi ndani yake, yaani mchoro unabadilika kadiri unavyopunguza au kukuza, kama vijiti vya chuma vilivyofanya. Hakikisha programu yako imeuwasha huo mhimili. Playfair Display ni ya bure pia, na watu huichanganya na Bodoni, ingawa iko karibu zaidi na Baskerville. Nene na nyembamba zake zinatofautiana sana, ila umbo lake ni nono na linavumilia kupunguzwa kidogo. Kwa matini ndefu sitaipanga yoyote kati ya hizo. Kichwa cha makala, ndiyo. Aya ya kwanza kwa saizi kubwa, labda. Baada ya hapo msomaji ana haki ya kupumzika.

Kwenye kadi za michango mpangilio wangu ni ule ule siku zote. Majina kwa Bodoni, kubwa, na ile & yao wakiitaka. Tarehe kwa Bodoni. Namba ya simu ya kupokelea mchango naiweka kwa fonti nene isiyo na serifu hata moja, 3 isifanane na 8 wala 6 isifanane na 0, kwa sababu hiyo ndiyo sehemu pekee ya kadi ambayo mweka hazina wa kamati ataisoma mara mbili kabla ya kuruhusu ichapwe.